Bomba Chini ya Ukuta

Mtu mmoja alikuwa na nyumba nzuri isiyoingiwa na mgeni. Jina lake Elieneza, karani mstaafu wa mahakama, mkazi wa Moshi. Nyumba hiyo aliirithi kwa baba yake, ambaye alijenga mbili katika kiwanja kimoja chenye mteremko: ya juu akampa Elieneza, mwanawe mkubwa, na ya chini akampa Anaeli, mdogo. Kwa kuwa baba alikuwa mtu wa kufikiri mbali, alilaza bomba moja tu la majitaka. Lilitoka nyumba ya juu, likapita uani mwa nyumba ya chini, likaenda kuungana na bomba kubwa la mji barabarani. Alisema ndugu wanaokula sahani moja hawashindwi kutumia bomba moja.

Mke wa Elieneza alikuwa amefariki miaka mitano iliyopita. Watoto wake wawili wa kiume walikuwa na kazi zao, mmoja Dodoma, mwingine Arusha. Kila Krismasi walifika na wake zao, wakala barazani, na jua likianza kushuka waliaga wakaenda kulala gesti, ingawa nyumba ya baba yao ina vyumba vinne. Elieneza aliwaona ni watoto wasio na shukrani.

Kila Jumapili baada ya ibada alialika watu. "Tutakuja, mzee," walimwambia wakimshika mkono. Alirudi nyumbani akachemsha chai ya maziwa, akaijaza kwenye chupa, akapanga vikombe sita mezani, akaketi kuangalia geti. Jioni alivirudisha vikombe kabatini vikiwa vikavu. Aliyewahi kuingia hakukaa sana. Alikunywa fundo moja, akakumbuka shughuli. Elieneza alijiambia kwamba mtu akistaafu, salamu nazo hustaafu. Akaacha kuwaza zaidi ya hapo, akawa anazungumza na redio.

Katika nyumba hiyo maji ya bafuni yalikuwa mazito kuondoka. Mke wake, enzi za uhai wake, alikuwa akifungua madirisha yote asubuhi na kuyafunga usiku, wala hakusema kwa nini. Alipofariki, Elieneza aliyafunga kwa sababu ya vumbi. Maji yakizidi kugoma alimwaga dawa ya kuzibulia, au alifunua chemba ya uani akasukuma waya mrefu mpaka yashuke. Yalishuka siku mbili tatu, kisha yakasimama tena. Aliishi hivyo miaka, kama mtu aliyezoea goti bovu.

Mwaka huo masika yalikuwa makali. Asubuhi moja Elieneza aliamka akakuta uchafu wote alioupeleka umemrudia. Ulikuwa umejaa sakafu ya bafu, ukavuka kizingiti, ukaingia hadi korido. Alisimama na kandambili zake katikati ya uchafu ule, hakuwa na mtu wa kumwita. Mwishowe akampigia fundi bomba aliyeitwa Mringo, ambaye namba yake ilikuwa imeandikwa kwenye nguzo ya umeme.

Mringo alikuja, akafunua chemba, akaingiza waya. Ukaenda, ukaenda, ukagota. Akauvuta, akaupima kwa hatua juu ya ardhi, na hatua zake zikaishia kwenye ukuta.

Ukuta huo Elieneza aliujenga mwenyewe, miaka tisa iliyopita, baina yake na Anaeli. Sababu yake ilikuwa neno moja. Siku ya arusi ya binti wa Anaeli, Elieneza alimfokea shemeji yake, mke wa Anaeli, mbele za watu hadi mama wa watu akalia, na Anaeli akamvuta kando akamwambia, "Kaka, ulimi wako unafukuza watu. Siku moja utabaki peke yako." Juma lilelile Elieneza aliita mafundi, wakachimba msingi wa futi tatu, wakajenga ukuta wa mawe mrefu kuliko mtu. Tangu siku hiyo hakuuona tena uso wa ndugu yake, wala paa la nyumba yake.

"Mzee wangu," Mringo alisema, "aliyejenga hapa hakuuliza chini kuna nini. Mabomba ya marehemu baba yako ni ya udongo wa kuchoma. Yangeishi kuliko sisi sote, lakini huu msingi umeyakalia yakavunjika. Miaka yote hii majitaka yako hayafiki barabarani. Yanazama hapa."

"Basi weka kiraka."

"Kiraka kitashika nini, na bomba ni vigae? Tunalaza jipya, kutoka nyumbani kwako mpaka barabarani. Tunaanza na kibali cha mamlaka ya maji. Kisha tunachimba, tunatoa la zamani lote, tunatandika mchanga, tunalaza la plastiki kwa mteremko wake. Tunalijaribu kwa maji kabla ya kufukia."

"Gharama yake?"

"Mabomba yenyewe si ghali, mzee. Ghali ni ulichojenga juu yake."

Elieneza akatazama ukuta. Akauliza kama bomba haliwezi kuzungushwa upande wa pili wa nyumba, lisipite kwa jirani. Mringo akatikisa kichwa. "Upande ule ni kilima. Maji hayapandi kilima kwa ajili ya ugomvi wa watu. Ukuta utabomolewa sehemu, na huko ng'ambo lazima uombe ruhusa. Hiyo kazi si yangu. Utakwenda mwenyewe."

Elieneza alimkaribisha chai. Mringo alishukuru, akasema atakunywa siku nyingine. Elieneza akasisitiza, kwa kuwa ilikuwa miezi mingi tangu kikombe cha pili kitumike katika nyumba ile. Fundi akainamisha kichwa.

"Mzee, nisamehe. Mimi kazi yangu ni hii na pua yangu imekomaa. Lakini humo ndani chai hainyweki. Hakuna aliyewahi kukuambia?"

Mringo alipoondoka, Elieneza aliingia sebuleni akaketi. Alivuta pumzi kwa nguvu, akijaribu kuisikia harufu ya nyumba yake, wala hakusikia kitu. Hapo ndipo hofu ilipomshika. Alikumbuka leso za wageni zilizokaa puani, naye wakati ule alidhani wana mafua. Alikumbuka mke wa mwanawe aliyemlisha mtoto nje ya geti. Alikumbuka madirisha.

Siku tatu hakutoka. Bafuni hapakuingilika; alijisitiri kwa ndoo, mzee mzima. Siku ya nne alivaa koti, akatoka getini, akashuka barabarani, akasimama mbele ya geti la Anaeli. Hapakuwa mbali, hatua arobaini hivi, na zilimchosha kuliko safari ya mchana kutwa. Alijiandalia maneno. Akagonga.

Akafungua mwanamke asiyemjua, mwenye tepu ya fundi cherehani shingoni. Aliitwa Felista.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwite Anaeli. Mwambie ni kaka yake."

"Mzee Anaeli hakai hapa. Alihamia Himo kwa binti yake, huu mwaka wa pili. Sisi ni wapangaji wake, tulianza kukaa naye akiwa bado hapa."

Elieneza hakujua. Ukuta ulikuwa mrefu. Ndugu yake alipakia vitanda na masufuria, lori likanguruma pale nje, naye Elieneza akiwa upande wa pili na redio yake.

Felista akampeleka uani. Chini ya ukuta udongo ulikuwa mweusi na wenye maji, mgomba umeoza ukiwa umesimama. Unyevu ulikuwa umepanda hadi dirishani pa chumba ambamo Anaeli alikuwa akilala, rangi imebabuka. "Kifua kilimsumbua sana hapa," Felista alisema. "Tulimwambia, mzee, kwa nini usiende kumwambia huyo kaka yako? Akasema, 'Nilimwambia neno moja akajenga ukuta. Nikimwambia la pili atajenga nini?'"

Elieneza aliomba namba ya simu, akapiga akiwa amesimama palepale kwenye tope. Sauti ilipopokea ilikuwa ya mtu mzee, naye kwa mshangao akatambua kwamba Anaeli naye amezeeka. Aliyasahau maneno aliyoyaandaa. Alisema tu kwamba bomba la baba limevunjika, kwamba yeye ndiye aliyelivunja, na kwamba anaomba kuchimba.

"Chimba, kaka," Anaeli alisema.

Wakachimba siku tisa. Elieneza hakutaka kukaa pembeni. Alishika tindo akabomoa mawe aliyoyalipia, moja baada ya jingine, mpaka mikono ikatoka malengelenge. Chini ya msingi walikuta bomba la baba yake limesagika, na pande zote mbili za pale lilikuwa zima kabisa, jekundu kama jana. Walitoa udongo uliooza, wakatandika mchanga, wakalaza bomba jipya. Fedha alizoweka kwa ajili ya viti vipya vya sebuleni ziliishia kwenye kokoto na vibarua. Mringo alipomwaga ndoo za maji juu, wote walishuka barabarani wakainamia chemba, wakangoja. Maji yakaja. Vibarua wakapiga makofi. Elieneza aligeuka ili amwambie mtu, lakini hapakuwa na wa kumwambia.

Nyumba ikapona. Alifungua madirisha, akaosha sakafu, akapaka chokaa. Jumapili ikafika, akapanga vikombe, na hakuja mtu. Nani angejua? Watu walikwisha kujifunza njia isiyopita kwake, na njia iliyozoeleka haibadiliki kwa sababu bomba limebadilika. Felista ndiye aliyechungulia mara moja kupitia pengo la ukuta, akamuuliza kama ataliziba. Akasema hapana.

Ndipo alipokwenda Himo. Alimkuta Anaeli kibarazani kwa binti yake, amejifunika blanketi mchana wa jua, kifua kikikoroma. Elieneza alimwambia nyumba yake imekauka na chumba chake kimepakwa rangi, arudi. Anaeli akamshukuru. "Nimekwisha kuzoea huku, kaka. Daktari wangu yuko huku. Wajukuu wako huku. Sitarudi."

Binti akaleta chai, mwenyewe akakaa na kikombe chake. Ni yule aliyeolewa siku ile, naye alimwamkia baba yake mkubwa kwa adabu, bila kumtazama usoni. Elieneza alielewa hapo kwamba kuna vitu vinavyozibuliwa na kuna vingine vilivyokwisha zama ardhini. Angeweza kuaga. Mabasi ya Moshi yalikuwa mengi. Lakini aliweka kikombe chini.

"Anaeli, lile neno uliloniambia siku ya arusi. Kulikuwa na mengine?"

Anaeli akamtazama kama mtu apimaye kina cha mto kabla ya kuvuka. "Yalikuwapo. Una muda?"

"Ninao."

Akavua koti, akasogeza kiti karibu. Ndugu yake alikohoa kwanza, kisha akaanza.

Nanyi mnaonisikiliza, mnaosema watu wamewakimbia, nawauliza hili: yule mmoja aliyewahi kukuambia nyumba yako inanuka, ulimfanya nini?