Ndege ya Msizi

Sogeeni, na anayekula amalize kwanza. Nikifika mwisho nitawauliza, na sitaki jibu la mdomo uliojaa.

Katika kijiji kimoja cha Buhaya waliishi watu watatu, kila mmoja na kipawa chake, kila mmoja na nyumba yake tupu. Ma Kokushubila alijua kutunza. Kitu alichokabidhiwa hakikupotea. Ta Mulokozi, aliyekuwa fundi wa ndege za jeshi wakati wa vita vya Kagera, alijua kukumbuka. Mikono ilimtetemeka, lakini angekueleza ndege nzima akiwa amefumba macho. Ta Buberwa alikuwa na mikono. Alichonga majeneza, na watu walimkwepa njiani. Walisema akikutazama sana, ujue anakupima.

Mume wa Kokushubila, Rwechungura, alikuwa rubani. Asubuhi moja ya vita alirusha ndege yake kuvuka Mto Kagera kwenda kupiga ngome za adui. Hakuonekana tena, yeye wala ndege. Ukoo ukafuata mila, ukazika mgomba badala ya maiti. Kokushubila alilirushia udongo shina lile la mgomba, akarudi nyumbani kupika. Watoto walikuwa na njaa.

Miaka ikapita, watoto wakaenda zao mijini. Kisha kata ikatangaza siku ya kuwakumbuka marubani wa vita vile. Wenye kumbukumbu yoyote walete. Kokushubila hakuwa na hata picha, akawaita wale wawili.

"Nataka ndege yake," alisema. "Ndogo, ya kubebeka."

Kokushubila akatoa mti. Rwechungura aliupanda msizi ule nyuma ya jiko mwaka walipooana, na wapasua mbao walikuwa wamefukuzwa pale mara nyingi. "Ukateni," alisema, akaingia ndani asiusikie ukianguka. Mbao nyingine ingefaa ndege yoyote. Hii ilikuwa ndege yake.

Mulokozi akatoa umbo. Siku ya kwanza Buberwa alikunjua kamba ya kupimia, akauliza kwa sauti yake ya kazini, "Marehemu alikuwa na urefu gani?"

"Marehemu gani? Hii ni ndege, bwana!" Mulokozi alicheka mpaka akakohoa. "Ukiachiwa wewe utaitia na mfuniko."

"Mfuniko nimeshaanza," alisema Buberwa.

Kokushubila naye akacheka, akashtuka kusikia sauti yake mwenyewe. Tangu hapo Mulokozi alielekeza kila kitu: pua, mkia, jinsi mabawa yanavyolala nyuma. Akasisitiza magurudumu yawe nje.

Buberwa akatoa mikono. Alichonga, akapiga msasa hadi mbao ikateleza kama jicho la samaki. Magurudumu akayafanya kwa buni kavu.

Kila alasiri Kokushubila aliweka vikombe vitatu, na kahawa ya kutafuna katikati. Kazi ilipokaribia kwisha, Mulokozi akaanza kuona makosa yasiyokuwepo. Bawa limezidi, alidai. Buberwa akalikwangua pasipoonekana. Kokushubila aliona, akaongeza maji kwenye birika.

Siku ya kumbukumbu watu waliisifu ndege, wakala, wakatawanyika. Mwenyekiti wa kijiji akasema, "Mwenye ndege aichukue, nafunga ukumbi."

Wakasimama wote watatu.

"Nitaizika," alisema Kokushubila. "Kaburini kuna mgomba tu, na ulioza zamani. Hana kitu chake pale chini."

"Ma, usinifanyie hivyo," alisema Buberwa. "Kila ninachochonga kinaingia udongoni kabla rangi haijakauka. Hiki ndicho cha kwanza ambacho ningekiona kesho yake. Nitakiweka dirishani. Labda watu watasimama."

Mulokozi akagusa gurudumu moja la buni. "Mimi ndiye niliyemfungia Rwechungura kioo cha ndege asubuhi ile. Fundi ana kazi mbili, kuituma ndege na kuipokea. Nilingoja uwanjani hadi wakaja kunivuta. Sijaipokea mpaka leo. Mlidhani magurudumu niliyataka ya nini?"

"Basi mkae nayo kwa zamu," alisema mwenyekiti.

"Kaburi halina zamu," alisema Kokushubila.

"Chongeni nyingine."

"Iliyoondoka ilikuwa moja," alisema Mulokozi.

Mwenyekiti akachoka, akaacha funguo mezani kando ya ndege, akaenda zake. Watatu wakabaki. Kokushubila alikuwa karibu zaidi. Angenyoosha mkono tu. Hakuunyoosha. Alikuwa akifikiria kikombe kimoja alichokiosha asubuhi, badala ya vile vitatu.

Haya, ninyi mlioshiba. Mmoja alitoa mti, mmoja umbo, mmoja mikono. Ndege iende chini ya udongo, dirishani, au kwa aliyeingoja uwanjani? Wewe ungeamua vipi? Na ukishaamua, niambie na hili: kesho alasiri, nani atakwenda kunywa kahawa kwa nani?