Mkia wa Punda wa Mize

Palikuwa na sultani wa Mbalawi, jina lake Mwinyi Dachi, aliyependa usinga wake kuliko wake zake wote watatu. Usinga ni ule mgwisho wa nywele za mkia, wa kufukuzia nzi. Na mjini kwake desturi ilikuwa moja: mwenye usinga ndiye mwenye mji. Basi alikula nao, alilala nao, na nzi waliofuata halua kwenye ndevu zake aliwapiga nao.

Siku moja akatoa amri. Neno singa, yaani nywele za mkia, limetokana na usinga wa babu yake. Kwa hiyo kila mnyama mwenye singa mkiani ni mali ya jumba.

Askari wakamchukua punda wa Mize. Mize alikuwa mjane, akiuza maji aliyoyabeba kwa punda huyo mmoja, na kila mwezi wa Shaabani ndiye aliyeitwa kuufunga upya usinga wa sultani. Bila punda, angelala njaa. Akamfuata hadi barazani kwa sultani. Punda akafungwa nguzoni. Watu wamejaa, kadhi yupo na kalamu yake.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Umekuja kumuaga punda?"

"Nimekuja kujifunza. Mimi sikusoma. Kabla ya babu yako, hizi nywele za mkia zilikuwapo?"

"Zilikuwapo."

"Zikiitwaje?"

"Hazikuitwa. Zikining'inia tu."

"Maskini. Na babu aliutengeneza usinga kwa kitu gani?"

Sultani akakohoa. "Kwa hizo hizo."

Watu wakatazama sakafu.

"Lakini jina limetoka kwetu," akasema sultani, "na kinachotoka kwa mtu ni cha mtu. Kadhi, andika."

"Aandike vizuri, bwana. Na kikitoka kwa punda?"

"Ni cha punda," akasema sultani, akicheka. Kadhi akaandika hilo pia.

"Shaabani iliyopita nondo waliumaliza usinga wako. Ukaniambia nitafute nywele popote, ilimradi usinga uwe tayari kabla ya jioni. Tazameni mkia wa punda wangu."

Wakatazama. Nywele za ncha ya mkia zilikuwa zimekatwa nusu nzima. Kadhi akashuka, akalinganisha rangi ya mkia na ya usinga: kijivu na kijivu, na weupe kidogo mwishoni. Nzi mmoja akatua kwenye ndevu za sultani, na hakufukuzwa.

"Sasa, bwana," akasema Mize, "mwenye mji mmemfunga nguzoni, na tangu asubuhi hajanywa maji. Utamfungua kwanza, au utaanza kwa kumwamkia?"