Ngozi Isiyo na Tundu

Jumbe Senkondo, aliyekuwa akilimezea mate shamba la Namkunda mfinyanzi, alimwita akamwambia, "Kabla ya Ijumaa niletee ngozi ya chui nitandike kitini. Ikiwa na tundu la mkuki, shamba lako nalichukua."

Alhamisi Namkunda alirudi mikono mitupu.

"Nimeipata, Jumbe. Ni pana, inang'aa, haina tundu hata moja. Ila wewe mwenyewe ulipiga marufuku mwanamke kugusa ngozi ya chui, nami ni nani nivunje amri yako? Nimeiacha pangoni, pale juu ya kisima."

Jumbe alikwenda mbio, asije mwingine akamtangulia. Alirudi kwa mbio zaidi, kanzu imechanika, kiatu mguu mmoja.

"Ngozi ile ina chui ndani," alisema akihema.

"Ndiyo, Jumbe," Namkunda alijibu. "Ningemtoaje bila kuitia tundu?"