Konokono, Perege na Taa Tatu

Paukwa.

"Pakawa."

Pakawa wapi?

"Majini."

Maji ya mto?

"Maji ya kioo."

Haya, sogeeni. Na wewe Mwanjaa, toa kisigino chako kwenye mkeka wangu. Sitaki kuanza mara mbili.

Alikuwako Bi Zamoyoni, fundi cherehani, na juu ya meza yake palikuwa na tangi dogo la kioo. Ndani yake mlikuwa na maji ya mvua, mimea mibichi, na wakazi wawili. Perege alikuwa mnene na mlafi. Konokono alikuwa mdogo, na chini ya jani moja pana alikuwa amebandika mayai yake. Kutwa maji yakasema pwi, pwi, pwi, mimea ikayumba, ikayumba, na Konokono akaimba:

Yumba jani, yumba,
wanangu wamelala.

Siku moja Bi Zamoyoni akaona mimea inageuka njano. "Mimea hii inataka mwanga," akasema. "Nitajaribu taa tatu: ndogo ya njano, kubwa kali, na ndogo nyeupe. Ile samaki atakayoichezea, ndiyo hiyo." Akavua futi yake shingoni, akaiweka kwenye kioo, akapima kimo cha maji. Fundi yule hupima kila kitu, hata mkate.

Juma la kwanza, tik! Taa ndogo ya njano. Maji yakawa rangi ya chai. Mimea ikasinzia, jani la mayai likalegea. Perege hakucheza.

Juma la pili, tik! Taa kubwa, kali, ya kukufumbisha macho. Mwanga ukafika mpaka mchangani. Utando wa kijani ukaanza kutambaa juu ya kioo. Na Perege akachungulia chini ya jani.

"Kumbe kuna mayai huku."

Konokono akajibandika juu ya mayai. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Ni yako?"

"Ni yangu, mjomba."

"Leo nimeshiba. Kesho nitayala yote. Na taa hii nitaichezea, ibaki, nikuone kila ukitaga."

Maji yakasema pwi, pwi.

"Kula tu, mjomba. Lakini ile futi, unajua inapima nini?"

"Inapima nini?"

"Sufuria."

Perege akaacha kupiga mkia.

"Chini ya taa hii kitambi chako kinaonekana chote," Konokono akasema.

"Kwani nimenenepa?"

"Mimi sisemi."

"Sema, mpwa wangu."

"Umenona, mjomba."

Papo hapo Bi Zamoyoni akaja, akautazama ule utando, akaiweka tena futi kwenye kioo. Perege akaingia chini ya jiwe, chubwi.

"Nifanyeje, mpwa?"

"Kaa hapo mpaka ije taa nyingine. Ile ndogo nyeupe humfanya mtu aonekane mwembamba, hiyo ichezee sana. Na mayai usiguse. Mayai yananenepesha."

Juma la tatu, tik! Taa ndogo nyeupe. Maji yakawa kama asubuhi. Perege akatoka, akacheza juu, akacheza chini, tumbo kalibana mpaka macho yamemtoka.

"Ndiyo hii," akasema Bi Zamoyoni. "Iwake saa nane tu kwa siku, kisha mpumzike."

Mimea ikarudi kijani. Jani likasimama, likayumba, likayumba. Mayai yakaanguliwa, wakatoka konokono kumi na wawili, wakapanda kioo polepole, wanalamba utando.

Kila taa ikiwashwa Perege huja kuwauliza, kwa adabu kabisa: "Jamani, nimekonda?"

Nao humjibu wote kumi na wawili: "Bado kidogo, mjomba."

Basi funzo ni hili, wanangu: wadogo hawana hila. Mdogo akikushauri, mfuate, huyo anakutakia afya tu. Mwanjaa, unacheka nini?

Hadithi yangu nimeizima, tik. Aliye macho anikunjie mkeka. Aliyelala ayumbe na jani lake.