Jiwe, Taa na Mkono wa Bi Mwantumu

Hapo zamani, ila si zamani ya kusema simba walizungumza, maana zahanati ilikuwapo na bomba lilikuwapo, palikuwa na kijiji cha Kwemshai, juu mlimani. Maji yake yalitoka kwenye chemchemi bondeni. Injini iliyasukuma hadi kwenye tangi la bati nyuma ya zahanati, na kutoka tangini yalishuka bombani.

Sasa sikilizeni shida yao. Mwenye injini yuko chini bondeni, tangi liko juu. Atajuaje limejaa? Atajuaje limekauka? Ngazi ya tangi ilikwisha kuoza, na aliyeipanda mara ya mwisho alishuka kabla hajataka kushuka.

Nesi wa pale, Leokadia, mgeni kutoka mbali, akasema, "Nitafutieni kitu cha kuniambia maji yamefika wapi. Siwezi kuzalisha wake zenu kwa kubahatisha."

Wakatokea watatu.

Wa kwanza alikuwa Mzee Shekiondo, mwenye injini. Alichukua dumu la mafuta, akalitia mchanga kidogo, akaliacha lielee tangini kama boya. Akalifunga kamba, kamba ikapita juu ya gurudumu dogo, na upande wa nje akaning'iniza jiwe jeupe mbele ya ubao. Maji yakishuka, boya linashuka, jiwe linapanda. Kwa hiyo juu ya ubao aliandika TUPU, na chini akaandika TELE. Watu walicheka: jiwe gani hili linalosema kinyume? Mzee hakujali. Jiwe lilionekana hadi chemchemini, naye alilielewa.

Wa pili alikuwa Ngereza, fundi redio. Alitumbukiza nyaya mbili tangini na kuziunganisha na betri na taa ya kijani katika chumba cha kujifungulia. Maji yakizigusa nyaya, taa inawaka. Yakishuka chini yake, taa inazimika. Hakuna kusoma, hakuna kutoka nje.

Wa tatu hakuleta kitu. Alikuwa Bi Mwantumu, mfagizi wa zahanati, mama ambaye hakuwahi kukaa darasani. Yeye aliweka kiganja chake kwenye bati. Palipo na maji bati ni baridi, pasipo na maji bati ni moto kwa jua. "Yako hapa," alisema, na hakuwahi kukosea.

Nesi akawashukuru wote watatu, kisha akasema, "Nitabaki na kimoja. Saa ya hatari sina nafasi ya kuwasikiliza wasemaji watatu. Nipeni mwezi mmoja nichague."

Mwezi haukuisha. Adhuhuri moja ya jua kali akaletwa Zahia, mimba yake ya kwanza. Mtoto alitoka salama, lakini damu haikukoma. Nesi anaosha mikono, anashona, anaosha tena. Ghafla taa ya kijani ikazimika.

Nesi aliiona. Lakini wiki ile taa ilikwisha zimika mara mbili, tangi likiwa limejaa, kwa sababu ya betri. Angeiamini vipi? Akasema bila kuinua kichwa, "Bi Mwantumu, katazame."

Bi Mwantumu akatoka. Jiwe liko katikati ya ubao. Kusoma hajui, lakini katikati ni katikati, uhesabu kutoka juu au kutoka chini. Basi maji ni nusu. Angeweza kurudi ndani na kusema hivyo. Hakurudi. Aliweka kiganja katikati ya tangi: moto. Akashusha hadi usawa wa goti: moto. Akainama hadi chini kabisa, na baridi aliyoikuta haikuzidi upana wa vidole viwili.

Jiwe linasema nusu, mkono unasema hakuna. Akauamini mkono.

Akamwita Mzee Shekiondo, upepo ukaila sauti yake. Kukimbia hadi bondeni ni nusu saa, na damu haingoji nusu saa. Akaishika kamba ya lile jiwe kwa mikono miwili. Akalivuta chini kwa nguvu zake zote. Ndani ya tangi kitu kikagonga, kamba ikamchoma viganja, akaliachia. Jiwe likaruka hadi juu kabisa ya ubao.

Kule chemchemini Mzee Shekiondo alikuwa anamenya muhogo. Akaliona jiwe limeruka juu. Akautupa muhogo, akawasha injini.

Ndoo ya akiba ilikuwa imebakiwa na maji ya kufunika kiganja tu, bomba lilipokohoa mara tatu na kuanza kutoa maji. Zahia akapona.

Siku ya arobaini ikafika, siku ya mtoto kutolewa nje. Zahia akasema, "Mwanangu atatolewa nje na mikono ya aliyetuokoa." Nesi akasema, "Nami chaguo langu litakuwa hilohilo. Kitu cha huyo ndicho kitakachobaki kwenye tangi. Vingine tutaviondoa."

Ngereza akasimama. "Taa yangu ilisema kwanza, na ilisema kweli. Isingezimika, Bi Mwantumu angetoka nje kufuata nini?"

"Ilisema kweli siku hiyo," Mzee Shekiondo akamjibu. "Mara mbili kabla yake ilisema uongo, mwanangu. Jiwe langu ndilo lililofikisha habari hadi bondeni, na mkono wangu ndio uliowasha injini."

"Jiwe lako, mzee wangu, lilikuwa limekwama. Boya lilikaa juu ya bomba la ndani, likatuambia nusu huku tangi linakauka. Aliyelikwamua ni mama huyu."

Watu wote wakamgeukia Bi Mwantumu. Wengi walikwisha mchagua moyoni, hata Zahia alikuwa ameanza kumnyoshea mtoto. Bi Mwantumu akarudi nyuma hatua moja.

"Ngojeni," akasema. "Siku arobaini nimekaa na neno hili na limenichosha. Mimi sikujua kama boya limekwama. Nilitaka kumwambia Mzee kwamba maji yako chini. Nikafikiri, maji yakiwa chini, jiwe nalo liwe chini. Kumbe kwa ubao wake nilikuwa namwambia tangi limejaa. Kama jiwe lingenitii, angeendelea kumenya muhogo wake na Zahia angekufa. Mkono wangu ulijua. Mimi sikujua."

Mimi msimulizi wenu huyo mama nampenda, siwafichi, na ningekuwapo ningelia.

Nesi akamshika viganja, makovu ya kamba bado yanaonekana. Akasema polepole, "Hata hivyo, ulikuwa na habari mbili, ukaichagua ya kweli. Lakini siku ukienda kilioni, mkono huu utakwenda nao. Na masika, jua lisipotoka, bati lote litakuwa baridi."

Zahia amesimama kizingitini, jua linaanza kumgusa mtoto miguuni, na mtoto mmoja hatolewi nje na mikono sita. Mbele yake yupo aliyesema kweli asiaminiwe. Yupo ambaye chombo chake kilidanganya, lakini yeye hakuchelewa. Na yupo aliyejua kweli, akaituma kinyume, ikafika sawa.

Mimi nimewafikisha mlangoni, siendi mbele zaidi. Ninyi mliokaa hapo mkinywa maji bila kuuliza yametoka wapi, semeni: Zahia amkabidhi nani mtoto?