Sauti Mbili Kwenye Mawe

Mshika mbili moja humponyoka. Watu wakisikia methali hii wanacheka, wanadhani ni habari ya mwanamume mwenye wachumba wawili. Sawa, na huyo yumo. Lakini methali ni pana. Inasema mkono wa mtu, na jicho lake, na akili yake pia, vina kipimo. Ukivibebesha mambo mawili kwa pamoja, moja litaanguka, na mara nyingi ni lile ulilokuwa unalipenda. Sikilizeni yaliyomkuta Evodia, mke wa Noel fundi pancha, hapa juu ya Shelui, tena mchana kweupe.

Nyumba yao iko kwenye mteremko, na nyuma yake yamesimama yale mawe yetu makubwa, moja juu ya jingine, kama yaliwekwa na mtu akasahau kurudi kuyachukua. Mawe yale yanajibu. Ukisema neno linarudi, ila halirudi na sauti yako sawasawa. Linarudi limepoa kidogo. Wazee walikuwa wanakataza kuita jina la mtu pale saa saba ya mchana. Mimi sijui kwa nini. Lakini na mimi siiti.

Evodia aliugua baada ya kumzaa Antipasi. Kwanza jicho moja liliingia ukungu, halafu miguu ikafa ganzi. Huko Dodoma wakampima kwenye mashine, wakamwambia ana maltipo sklerosisi. Maana yake kinga ya mwili inakosea njia, inachubua ganda la mishipa ya fahamu, kama waya wa umeme uliochunika. Akapewa dawa, jicho likarudi. Kilichobaki ndicho kilichomtisha.

Mle nyumbani ilikuwa kana kwamba anaishi mwanamke mwingine. Evodia alikuta fagio limelazwa kitandani, limefunikwa shuka. Alikuta sufuria imetulia jikoni, maji yamejaa, moto hakuna. Siku moja akakuta mtoto ameshaogeshwa, anang'aa mafuta mpaka masikioni, na yeye hakumbuki kumwogesha. Hapakuwa na mtu mwingine nyumbani. Akatazama mikono yake. Ilikuwa inateleza kwa mafuta.

Akarudi Dodoma analia. Mshauri wa hospitali, Bi Scholastika, akampa majaribio ya kukumbuka. Akayafaulu karibu yote.

"Basi mimi ni kichaa," Evodia akasema.

"Hapana, mdogo wangu. Akili yako ipo, inachoka upesi tu, na joto linaichosha zaidi. Unayoyaona nyumbani ni ya kweli, hata kama majaribio yangu hayakuyaona. Sisi wanawake tunafanya mambo matatu kwa mpigo. Wewe acha. Shika moja, litaje kwa sauti, limalize, ndipo ushike lingine. Jua likiwa kali kaa kivulini. Na uwaambie watu wa nyumbani, wasikukatishe katikati."

Alimwambia Noel. Noel naye akamwambia mama yake, Luciana, kwa simu, huku anajaza upepo tairi la lori na dereva anamfokea. Kule Kilimatinde, Luciana alichoambulia ni kwamba mkwe wake ataanza kuongea peke yake na asiulizwe. Basi akafunga safari.

Alifika mwezi wa kumi, joto limekaza. Siku ya kwanza tu, akiwa amejilaza ndani, akasikia wanawake wawili nyuma ya nyumba.

"Nachota maji," alisema mmoja.

"Maji," alisema wa pili, polepole.

"Naweka ndoo chini."

"Chini."

Luciana alichungulia dirishani. Alimwona Evodia peke yake, uso ameuelekeza kwenye mawe. Nywele zikamsimama.

Akamweleza jirani, Cecilia, mwenyeji wa pale. Cecilia akacheka mpaka akashika ubavu. "Ni mawe hayo, bibi! Ila kama unaweza kuongea na yule wa pili, muulize kama anajua kupika, maana wa kwanza chumvi anatia mara mbili."

Luciana hakucheka. Jioni ile akamwambia mwanawe, "Jumapili naondoka na mjukuu wangu. Mama wa huyu mtoto ana mtu anayeongea naye."

Noel akainamisha kichwa. "Sawa, mama. Mpaka apate nafuu."

Evodia aliyasikia hayo akiwa mlangoni, moyo ukamchanika kama kitambaa. Antipasi ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Mtoto wa umri ule akiondoka, siku akirudi atamwita mama yake shangazi.

Ijumaa Evodia akatoka kupepeta alizeti. Alimkabidhi mtoto mikononi mwa Luciana, akasema kwa sauti, "Antipasi yuko kwa mama. Mimi napepeta alizeti."

"Nenda, mwanangu," akajibu Luciana kwa sauti tamu.

Evodia alipozunguka nyuma, bibi alimweka mtoto kwenye mkeka, akanyata, akatega sikio ukutani. Alitaka kuyanasa maneno ya yule wa pili, ampe Noel ushahidi. "Napepeta," ilisema sauti. "Peta," ikajibu ile nyingine. Luciana akabana pumzi, akasikiliza weee. Alipogeuka, mkeka ulikuwa mtupu.

Akakimbilia kwenye mawe, kwenye zile nyufa wanakolala nyoka. "Antipasi! Antipasi!"

Sasa ilikuwa saa saba hiyo. Jina likarudi kutoka juu, kutoka kushoto, kutoka chini ya ardhi kabisa, kama wamejificha watu wengi humo nao wanamtafuta. Luciana akashika kichwa, akazidi kupiga kelele, na mawe yakazidi.

Evodia alifika mbio. Jua lilikuwa utosini na ukungu ulishaanza kumwingia kichwani. Hasira ilimjia, na maneno makali ya kumpasulia mkwewe yalishafika ulimini. Akayameza. Akaingia kwenye kivuli cha jiwe.

"Mama, nyamaza."

"Mwanangu, mi—"

"Nyamaza! Namtafuta mtoto. Basi. Namtafuta mtoto tu."

"Mtoto tu," yakasema mawe, halafu pakawa kimya kama chungu kilichofunikwa.

Ndipo akasikia kicheko kidogo. Antipasi alikuwa ameketi ndani ya ufa mwembamba, amempa mgongo, anapiga makofi. Alikuwa ameifuata sauti ya mama yake, ila ile ya pili. Alikuwa ananyoosha kidole gizani.

"Mama," alisema mtoto.

Na kule ndani kikajibu kitu, "Mama."

Evodia alimbeba akatoka bila kutazama nyuma. Hadi leo ukimuuliza lile giza lilijibu mara ngapi, anakuambia alikuwa na kazi moja tu, na haikuwa kuhesabu.

Noel alipofika jioni, Luciana alikuwa ameketi mlangoni. Akasema, "Leo mtoto alipotea mikononi mwangu. Nilimshika yeye, nikashika na umbea ukutani. Mkeo ndiye aliyemwona."

"Na Jumapili, mama?"

"Jumapili napanda basi na kikapu changu tu."

Nyie wenyewe mmeona. Mgonjwa alishika jambo moja akalipata. Mzima alishika mawili, akabaki anapigizana kelele na mawe. Waliotutangulia walishaikata kesi hii zamani, na mimi sina rufaa: mshika mbili, moja humponyoka.