Simba Aliyetaka Kupika Jua na Mwezi

Paukwa.
— Pakawa.
Paliukwa tanuru.
— Pakawa majivu.
Na mimi je?
— Umechoka, Bi Mwanatumu.
Mnajua nimechoka na bado mnataka hadithi. Haya, sogeeni, mgongo unaniuma.

Palikuwa na karakana ya mhunzi aliyehama. Ukutani aliacha mchoro: Jua, mwanamume mwekundu mwenye ndevu, na Mwezi, mwanamke mweupe mwenye ushungi, wameshikana mikono. Chini yao simba amepanua kinywa. Maana yake mhunzi alihama nayo.

Ndani ya tanuru lililopoa, Mama Mjusi alitaga mayai matatu. Ilibaki siku moja yaanguliwe. Alikuwa hajalala siku tatu, macho mekundu.

Asubuhi hiyo jua limetoka, mwezi haujatua, Simba akaja na kaa la moto kwenye kigae.

"Jua na Mwezi wakioana motoni wanazaa dhahabu," akasema. "Nawapika humo tanuruni. Dhahabu yote yangu. Sogea, nisije nikakupika nawe."

Moto ukiwashwa humo, mayai yameiva, basi. Mama Mjusi akachoka zaidi.

"Tazama mchoro kwanza, mzee. Tanuru liko wapi?"

Simba akatazama juu, akatazama chini. "Silioni."

"Kinywa unakiona?"

"Nakiona."

"Cha nani?"

"Cha simba." Kichwa kikamvimba. "Kumbe tanuru ni mimi."

"Mimi sijasema kitu, mzee."

Mlangoni palikuwa na karai la maji ya kupozea chuma, na mwezi unaonekana ndani.

"Bibi harusi kwanza," akasema Mama Mjusi.

Simba akanywa, gubu gubu gubu, hata mwezi ukaisha.

"Sasa bwana harusi, yule mwekundu hapo kigaeni mwako."

Simba akalibugia kaa la moto.

Tsssss!

Moshi puani, moshi masikioni. Akakimbia mbio hadi mtoni, na karakana ile hakuikanyaga tena.

Kesho yake mayai yakaanguliwa, kach, kach, kach. Mtoto wa kwanza akautazama ukuta.

"Mama, mchoro huu maana yake nini?"

"Sijui, mwanangu. Niache nilale."

Hadithi yangu imezimika hapo, majivu zoeni wenyewe. Na funzo lake ni hili: anayejua maana ya michoro ndiye hushinda siku zote.

Mnacheka nini? Mimi nimesema hivyo ili mwende mkalale.